Kipande cha Gauni Langu Kwenye Mfuko wa Marehemu

Wajukuu zangu wa mtandaoni, mimi ndiye fundi cherehani mkali kuliko mafundi wote wa mtaa huu!

Miaka arobaini na moja nashona sare za shule, na sijawahi kurudishiwa nguo hata moja.

Sawa... mara moja. Shati lilikuwa na mikono miwili ya kushoto.

Sawa, mara tatu! Na fundi mwingine wa mtaa huu alishahama, kwa hiyo huo ukali nashindana na cherehani yangu mwenyewe. Nayo kuna siku inanishinda.

Lakini kitambaa nakijua. Hapo sitanii. Nifunge macho, nipe kipande cha ukubwa wa kiganja, nitakwambia aliyekivaa alikuwa anatoka jasho upande gani.

Ndiyo maana siku ile, saa tisa alasiri, jua kali dirishani, nilipoingiza mkono kwenye mfuko wa marehemu na kutoa kipande cha nane...

Mkono ulikijua kabla ya macho.

Maua ya zambarau. Alama ya pasi pembeni, ya kahawia, niliyoiunguza mwenyewe nikiwa nabishana na muuza mkaa.

Gauni langu!

La kwangu mimi, ninayewaandikia hapa! Mimi niliyekunywa chai vikombe viwili asubuhi ile na kuiba kipande cha mkate cha mkwe wangu!

Nimo kwenye mfuko wa waliokufa kwa kansa!

Subirini. Nirudi nyuma kidogo, maana mkwe wangu anasema mimi hadithi naishikia mkiani.

Ng'ambo ya barabara yangu kuna shule ya msingi. Mwaka huu walikuwa wanachangisha kwa ajili ya chama cha wagonjwa wa kansa. Pesa yenyewe ni ya nauli tu. Kumbe kuna watu wanaanza matibabu, wanapigwa mionzi wiki mbili, halafu wanaacha njiani kwa sababu nauli imekata! Hebu fikiria mtu anakufa kwa kukosa nauli.

Sasa mwalimu mkuu hakutaka watoto wazunguke na makopo tu kama kawaida. Akasema kila mtoto mwenye mgonjwa nyumbani, au aliyefiwa, alete kipande cha nguo ya mtu wake, ukubwa wa karatasi ya daftari. Vyote vishonwe pamoja, kiwe kitambaa kimoja kirefu. Watoto wakishike pande zote mbili, watembee nacho mpaka sokoni na kurudi. Watu wakione, ndipo watoe.

Nani alijitolea kushona bure?

Mimi! Mnashangaa nini? Nilitaka jina langu litajwe kwenye kipaza sauti.

Mwalimu mkuu akaniletea mwenyewe mifuko miwili. Yule mtu anavaa tai hata siku ya kufagia uwanja.

"Bibi fundi, mfuko wa kijani ni wa wanaougua. Mweupe ni wa waliotangulia. Tafadhali visichanganyike."

"Hao wa mweupe wakichanganyika, mwalimu, nani atalalamika?"

Hakucheka.

"Vipande arobaini na saba. Kila kimoja kina karatasi ya mtoto, na namba. Orodha ninayo."

"Basi nitashona na orodha yako usoni."

Nikaanza na mweupe. Sikutaka wale wageni walale chumbani kwangu siku nyingi.

Jamani... sikujua kazi ninayoingia.

Kipande cha kwanza kilikuwa mfuko wa koti la mlinzi. Ndani yake bado kulikuwa na kijiti cha meno. Kimetafunwa upande mmoja, kana kwamba mwenyewe atarudi kumalizia.

Cha pili, kola ya mwalimu wa kike, ina vumbi la chaki kwenye mshono.

Cha tatu kilikuwa pajama ya mtoto mdogo, ina picha za bata. Nikasoma karatasi yake:

"Mdogo wangu. Alikuwa anaogopa bata wa kweli."

Nikakaa.

Nimekaa muda gani, sijui. Ila nilipoinua macho, niliona chumba kimejaa. Sisemi niliona watu, msije mkaniitia wa maombi! Nasema kimejaa. Mnajua ukiingia chumba ambacho watu wamenyamaza kwa sababu yako? Hivyo.

Na kwenye kile kigoda wanapokaa wateja, alikaa mdogo wangu wa kike.

Huyo nilimzika miaka kumi na tisa iliyopita.

"Dada," akasema, "huo mshono umepinda."

Mnaona? Mtu kafa na bado ananikosoa!

"Kaa kimya," nikamwambia. "Kwanza wewe hujaletewa hata kipande."

Nikajuta. Nikashona cha nne, cha tano, cha sita, cha saba, bila kuinua kichwa. Kila nikikanyaga pedali nasikia mtu mwingine anavuta pumzi.

Ndipo kikaja cha nane. Maua ya zambarau.

Kilikuwa na karatasi, imebanwa kwa pini. Herufi B zina matumbo mawili makubwa kama wajawazito waliosimama foleni. Hizo B nilizifundisha mimi mwenyewe, mezani kwangu, kwa chaki ya kupimia nguo.

Mwandiko wa Chiriku.

Chiriku ni mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu. Yuko darasa la tano. Tumemwita Chiriku kwa sababu akianza kuongea hata redio inaona aibu. Ingawa siku hizo, sasa nikikumbuka, alikuwa ameanza kunyamaza.

Karatasi ilisema hivi:

"Bibi yangu. Alikuwa mtani sana. Alisema si kitu."

Alikuwa!

Alisema!

Nikageuka kwenye kigoda. Mdogo wangu hakuwa ananikosoa tena. Alikuwa ananiangalia tu, mkono wake ameuweka kwenye titi la kushoto, kama alivyokuwa anauweka wakati ule.

Haya. Sasa niwaambie, maana nyinyi siwajui na hamnijui.

Nina uvimbe.

Titi la kushoto, upande wa kwapa. Ulianza kama kifungo cha shati la mtoto. Ukawa kifungo cha sketi. Sasa ni kifungo cha koti, tena koti la baridi. Ni kama miezi miwili hivi.

Sijamwambia mtu. Mkwe wangu aliniona siku moja nashika mkono, akaniuliza. Nikamwambia nimekwenda hospitali na daktari amesema ni mafuta tu. Ukweli ni kwamba nilivaa vizuri, nikapaka na poda, nikafika mpaka getini, nikanunua karanga, nikakaa kwenye benchi nikazila zote. Nikarudi nyumbani.

Mtaniuliza kwa nini.

Kwa sababu mdogo wangu aliingia pale kwa miguu yake, na tukamtoa amebebwa.

Na kuna jambo jingine, ambalo sijalisema kwa miaka kumi na tisa. Siku ya kwanza aliponionyesha uvimbe wake, alitaka kwenda hospitali kesho yake. Alikuwa ameshaazima mkoba. Mimi, dada mkubwa, mjuaji, nikamwambia:

"Si kitu. Kanda na maji ya moto."

Akakanda mwaka mzima.

Si kitu! Maneno yangu mwenyewe, leo yameandikwa na mtoto kwenye karatasi ya daftari na kubanwa kwenye gauni langu!

Nikaenda kabatini. Gauni lilikuwepo, limetundikwa, linanitazama. Nikageuza pindo. Limekatwa kwa ndani, mraba ulionyooka, kwa mkasi wangu mzuri ninaokataza usiguswe. Nilitaka nikasirike lakini kazi ilikuwa safi. Mikono yangu hiyo!

Basi nikapata wazo la kizee. Nikasema mtoto hawezi kuyafanya haya peke yake. Huyu ni mama yake! Mkwe ananiua ili achukue chumba cha cherehani!

Nikamkuta jikoni anakoroga uji.

"Mwanangu, umenizika lini?"

"Mama, leo umeamkia upande gani?"

"Nakuuliza. Msiba wangu ulikuwaje? Walikuja wengi?"

"Wangekuja wachache, maana una madeni ya maneno na nusu ya mtaa."

"Ulilia?"

"Ningelia kidogo, kisha ningekula mkate wangu mzima kwa mara ya kwanza tangu niolewe."

Akacheka mpaka mwiko ukaanguka. Nikajua. Huyu hana habari. Anayekuua kimya hakuchekei namna hiyo.

Kisha akafuta mikono, akaniangalia.

"Mama, mkono unauma tena?"

"Mafuta, mwanangu. Daktari si alisema?"

"Daktari gani? Jina lake nani?"

"Yule... mwenye miwani."

Nikatoka haraka.

Chiriku akarudi shuleni. Kwa kawaida anaingia na habari zote: nani kapigwa, nani kapendwa, nani kajamba darasani. Siku hiyo alivua viatu, akavipanga.

"Chiriku, shule imesemaje?"

"Vizuri, Bibi."

"Hakuna habari? Hakuna aliyekufa?"

Nilitania. Si mnajua ninavyotania.

Akainua macho.

"Wapo."

"Kina nani?"

"Waliosema si kitu."

Wajukuu zangu... nimeshaungua na pasi, nimeshadungwa sindano ya cherehani mpaka kwenye mfupa. Sijawahi kuumia kama pale. Na bado, nikafanya nini? Nikacheka! Nikamtekenya shingoni nikamwambia akale uji.

Hakucheka. Akala uji.

Sasa angalieni shida yangu ya kiufundi. Kile kipande nikiweke wapi?

Nikikishona kwenye pindo jeupe, la waliotangulia, nimekufa. Nikikishona kwenye pindo la kijani, la wanaougua, naumwa. Nikikificha, namba nane itakuwa shimo, na mwalimu mkuu ana orodha.

Kufa sitaki. Kuumwa ndiyo kabisa sitaki!

Nikatafuta kwenye mabaki. Nikapata kitambaa cha maua mekundu, nikakata ukubwa uleule, nikakishona kwenye nafasi ya nane. Kipande kisicho na mtu. Nikakaza mshono mara mbili, kama anayeziba kaburi.

Cha kwangu nikakikunja, nikakiingiza kwenye sidiria, upande uleule wa kushoto, kikakaa juu ya mwenzake.

"Dada," mdogo wangu akasema kutoka kwenye kigoda, "na mimi ungenificha hivyo?"

Nikazima redio ambayo haikuwa imewashwa.

Siku ya matembezi ikafika, Ijumaa, saa nne asubuhi. Uwanja umefagiwa, watoto wamevaa sare zangu. Wazazi wamekaa kwenye viti vya plastiki. Mimi nimekaa mbele kabisa, nasubiri kutajwa. Mkwe wangu pembeni yangu. Muuguzi wa kile chama, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, amesimama karibu na masanduku ya michango.

Kitambaa kikakunjuliwa.

Weee! Nilikishona mimi lakini nilikisahau ukubwa. Kilitoka mlango wa ofisi mpaka mlingoti wa bendera. Nusu pindo jeupe, nusu pindo la kijani. Upepo ukakipitia chini, kikanyanyuka, kikashuka. Kikanyanyuka, kikashuka. Kama kifua.



Mwalimu mkuu akawa anaita namba. Mtoto anakwenda kwenye kipande chake, anashika.

"Tatu."

Kitoto cha kike kikaenda kikashika pajama ya bata. Kikaibusu. Mama mmoja nyuma yangu akalia kwa sauti.

"Nane."

Chiriku akatoka. Akatembea mpaka kwenye kipande. Akakiangalia. Hakushika.

"Nane! Shika, binti."

"Mwalimu, hiki si cha Bibi yangu."

"Ni namba nane. Ndicho chako."

"Bibi yangu hajawahi kuvaa hii. Hii ni pazia."

Kweli ilikuwa pazia. Tena nikaja kukumbuka palepale: pazia la ofisi ya mwalimu mkuu, nililomshonea mwaka juzi. Kikabaki kipande. Sikumrudishia!

Mwalimu mkuu akaangalia kipande, akaangalia dirisha la ofisi yake, akaniangalia mimi.

"Bibi fundi. Kipande cha marehemu kiko wapi?"

"Mwalimu... panya wa siku hizi..."

"Anacho yeye," akasema Chiriku.

"Nani?"

"Marehemu. Si yule pale amekaa."

Akaninyooshea kidole.

Jamaniii! Kelele zilizopigwa pale! Walioshika wakaachia kitambaa, darasa la tano zima likatawanyika. Wawili wakaingia chini ya meza ya michango.

"Mzimu!"

"Bibi wa Chiriku amefufuka!"

"Watoto, mimi mzima! Tulieni!"

"Mizimu ndivyo inavyosemaga!"

"Lakini tulimsimamia dakika moja darasani!"

"Na mimi nilimpa Chiriku penseli yangu ya pole! Chiriku, nirudishie penseli yangu!"

Mnaelewa? Walikuwa wameshanisimamia. Siku fulani, saa fulani, mimi nikiwa ng'ambo ya barabara natia uzi kwenye sindano, watoto arobaini walikuwa wamesimama kimya kwa ajili yangu.

Nilisikia baridi kwenye jua.

Mwalimu mkuu akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mimi nilidhani ni bibi wa upande wa mama!"

Mkwe wangu akaruka kwenye kiti.

"Mama yangu?! Mama yangu mzima, jana alikuwa anaruka kamba na wajukuu!"

"Chiriku!" mwalimu mkuu akafoka. "Umeidanganya shule? Umemtangaza bibi yako kuwa amekufa?"

Nilidhani atalia. Hakulia. Alisimama amenyooka, mikono mgongoni.

"Muuguzi alikuja darasani. Akasema wengi wa mfuko wa kijani walikwenda mapema. Akasema wengi wa mfuko mweupe walisema si kitu."

Muuguzi akaitikia kwa kichwa, taratibu.

"Bibi anasema si kitu," Chiriku akasema. "Nikamweka anakokwenda."



"Mama," mkwe wangu akasema, sauti imekatika. "Daktari mwenye miwani?"

Sikuweza kumwangalia.

Chiriku akaja mpaka mbele yangu. Harufu ya chaki na mafuta ya nywele. Akanong'ona, lakini uwanja ulikuwa kimya kiasi kwamba walisikia mpaka wa chini ya meza.

"Bibi, sema wewe. Nikushikie upande gani?"

"Nishikie katikati," nikasema, "ili nikianguka nikuangukie wewe, mnene wangu."

Hakucheka mtu. Hata mmoja.

Nikatazama kile kitambaa, watoto wanarudi mmoja mmoja kukishika. Na mwisho wa pindo jeupe, pasipo na namba, pasipo na kipande, niliona mkono. Mdogo wangu amesimama katikati ya watoto, ameshika ukingo mtupu, anasubiri tuanze kutembea. Hakunilaumu. Laiti angenilaumu! Alinitazama tu kama alivyonitazama siku ile nilipomwambia arudishe mkoba wa watu.

Nikaingiza mkono kifuani.

Wazazi wakainamisha macho, wakidhani bibi amechanganyikiwa. Nikatoa kile kipande, kimelowa jasho, maua yamejikunja. Nikatembea. Nikapita pindo jeupe lote, mlinzi, mwalimu wa chaki, bata, nikafika kwenye kijani. Nikachomoa pini kwenye kola yangu.

Mkono wa kushoto ulikataa kuinuka.

Nikaulazimisha. Ukakataa tena, mbele ya watu wote.

Chiriku akakishika kitambaa akakishusha, mpaka nikafika. Nikabana.

"Huyu," nikasema, na sikuhitaji kipaza sauti, "ni mimi. Naumwa."

Tukatembea mpaka sokoni na kurudi. Wauza nyanya waliacha nyanya zao wakaja kusoma vile vikaratasi. Mwenye bucha alifika kwenye bata, akatoa kofia. Masanduku yalijaa. Kiasi gani sitawaambia, mwalimu mkuu alikitangaza mara nne kwenye kipaza sauti. Jina langu? Hata mara moja!

Na pazia lake amechukua.

Basi wajukuu zangu, funzo la simulizi hii. Mama zenu na shangazi zenu wanaocheka sana, wachunguzeni. Tunacheka kwa sababu mtu akicheka hamumuulizi. Na wewe unayesoma hapa umejiwekea mkono mahali fulani sasa hivi... ndiyo, wewe! Nenda. Usikae kwenye benchi na karanga. Mdogo wangu angekuwa hapa leo ananikosoa kwa mdomo wa kweli, kama siku ile ningenyamaza. Majibu ya kipimo changu bado, kwa hiyo msiniulize kwenye maoni, na msinitumie dawa za mizizi.

Mimi nimejifunza. Siku ile uwanjani niliapa: sitadanganya tena, mbele ya mtu yeyote, kuhusu mwili huu.

Jumatatu nikaenda. Getini nikawapita wauza karanga bila hata kuwasalimia. Kwenye kile chumba kulikuwa na kitanda chembamba, pazia la kijani lililoshonwa vibaya, na yule muuguzi mrefu na fomu yake. Chiriku amekaa kwenye kiti, miguu haifiki chini. Mkwe wangu amesimama mlangoni kama askari, nisije nikatoroka.

"Umri, Bibi?"

"Andika unaoonekana."

"Bibi..."

"Sitini na tisa."

"Umewahi kufanyiwa upasuaji?"

"Hapana."

"Kuna mtu kwenye familia aliyewahi kuugua ugonjwa huu?"

Nikavuta pumzi. "Mdogo wangu. Alichelewa. Mimi ndiye niliyemchelewesha."

Akaandika. Hakuniangalia vibaya. Nikaona kumbe inawezekana, ukweli unatoka na dari haidondoki.

"Na wewe, uvimbe uliuona lini kwa mara ya kwanza?"

"Miezi miwili," nikasema.

Kalamu ikaanza kuandika.

"Futa," akasema Chiriku.

"Nini, mwanangu?"

"Si miezi miwili. Ni miezi kumi na minane."

"Wewe mtoto!" nikasema. "Umejuaje? Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Mimi nilikuwa nakulalia hapo." Akagusa ubavu wake wa kushoto. "Kila siku. Siku moja ukanihamishia upande wa ukutani. Ukasema natoa mate. Mimi sitoi mate, Bibi."

Mkwe wangu akaegemea mlango.

"Nikaanza kupiga mistari nyuma ya daftari la hesabu. Kila mwezi mstari mmoja. Nilitaka uniambie wewe mwenyewe."

Muuguzi akashusha kalamu. Akaniangalia mimi, akamwangalia mtoto, akanirudia mimi.

"Bibi. Niandike miwili, au kumi na minane?"

Ndiyo, na nyinyi pia niliwaambia miwili.

Nikatafuta utani. Nilitafuta kila mahali. Mdomo ulikuwa mtupu.

"Andika ya mtoto," nikasema.